Karibu Bila Hodi

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, Jumatano, tarehe 3 Julai 2013, printa ya nyumbani kwa mwalimu Enesi ilitoa karatasi moja. Hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyekuwa ameituma.

Enesi alikuwa jikoni anachambua maharage. Alisikia mlio akautambua. Printa ilikuwa kuukuu, na kila ilipotaka kuvuta karatasi ilikohoa mara mbili. Alifuta mikono kwenye kanga, akaenda sebuleni.

Sebuleni hapakuwa na mtu. Kompyuta ya mezani ilikuwa imewashwa, lakini hakuna aliyekuwa ameigusa tangu mchana. Laptopu ilikuwa imefunikwa juu ya kabati. Osea, mume wake, alikuwa dukani kwake akiuza spea za malori. Ikupa, binti yao, alikuwa shule ya bweni Vwawa.

Enesi aliichukua karatasi akaisoma. Iliandikwa: Orodha ya Mzigo. Mbolea, mifuko 560. Kutoka Dar es Salaam kwenda Kasama. Chini kulikuwa na jina, Jairo, karani wa wakala wa forodha, na namba ya simu.

Enesi hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alikuwa amefundisha Hisabati darasa la saba kwa miaka kumi na minne, na alizoea kuanza na kile kilichoandikwa. Kilichoandikwa kilikuwa namba ya simu. Akapiga.

"Haloo, Jairo hapa."

"Mimi ni mwalimu Enesi. Nina karatasi yako ya mifuko mia tano sitini ya mbolea."

"Ee, afadhali! Naitafuta hiyo sasa hivi. Kompyuta inasema imechapa, nikigeukia printa yangu sioni karatasi. Uko ofisi gani, mama?"

"Siko ofisini. Niko nyumbani kwangu. Wewe uko wapi?"

"Mimi niko ndani ya lori. Hapa kwenye foleni, nyuma ya ukuta wa kijani."

Enesi alitazama nje. Ukuta wao ulikuwa wa kijani.

Nyumba ilikuwa kando ya barabara kuu, upande wa foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Siku nyingine foleni ilifika kilomita tatu, na madereva walikaa humo siku mbili au tatu. Tangu mwezi wa tatu, Enesi alikuwa ameona jambo moja. Hata mbele kukiwa na nafasi, madereva hawakuwa na haraka ya kuondoka penye ukuta wao. Osea alisema wanapenda kivuli. Mama Kashinje, aliyeuza chapati pale nje, alisema wanapenda chapati zake.

Enesi alimwita ndani, na Jairo aliingia na laptopu kwapani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, shati jeupe, viatu vyekundu kwa vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo, unionyeshe ulichofanya. Anza mwanzo."

Jairo alifungua laptopu. "Mimi hapa natumia waifai. Iko wazi, haina paswedi. Madereva wote wanaijua, hata wa Zambia. Tazama, jina lake hili."

Kwenye kioo palikuwa na neno moja: KARIBU.

"Hiyo ni ya nyumba hii," Enesi alisema.

"Mama, mimi nilidhani ni ya serikali! Imeandikwa Karibu. Nikakaribia."

Wakati huo Osea aliingia kutoka dukani. Alisikia maneno ya mwisho, akacheka mpaka akashika mlango.

"Jina nililiweka mimi," alisema. "Mtu akifika kwangu nimwambie nini? Toka?"

Enesi hakucheka. "Baba Ikupa, huyu kijana amechapa karatasi kwenye printa yetu. Hakubisha, hakuingia, hakuvuka hata ukuta." Akamgeukia Jairo. "Ulijuaje kwamba kuna printa?"

"Sikujua. Kompyuta yangu iliiona yenyewe, ikaiweka pamoja na zangu. Nilipobonyeza nichape, ikachagua hiyo."

"Kuna kitu kingine inachokiona?"

Jairo alibonyeza mara mbili. Kioo kilionyesha vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa picha ndogo ya printa. Cha pili kilikuwa folda ya njano. Chini ya folda paliandikwa MTIHANI JULAI.

Enesi alivuta kiti. Akakaa.

Folda ile ilikuwa yake. Ndani yake kulikuwa na mtihani wa majaribio wa Hisabati wa darasa la saba, kwa shule zote za kata. Maswali hamsini. Watoto wangeufanya tarehe 18 Julai. Kwa miaka tisa mfululizo, kamati ya kata ilimpa Enesi kazi ya kutunga mtihani huo. Ilimpa yeye kwa sababu moja tu. Mtihani wake haukuwahi kuvuja.

"Uliwahi kuifungua hii?" akauliza.

"Hapana, mama. Haki ya Mungu."

"Kuna alama inayoonyesha ni nani aliyewahi kuifungua?"

Jairo alikuna kichwa. "Mama, mimi ni karani tu. Ila madereva na makarani wenye laptopu wanaopita hapa ni wengi. Na si wa leo tu."

Enesi alimpa karatasi yake. Kijana alishukuru akatoka. Kisha Enesi alikwenda kwenye meza, akachomoa waya wa umeme wa ruta, kile kisanduku kinachorusha intaneti. Taa zake zilizimika.

Walikinunua mwezi wa tatu. Kabla ya hapo walikuwa na modemu moja, na kompyuta mbili za zamani zikiigombania. Kompyuta ya mezani ilinunuliwa kutoka ofisi iliyofungwa. Laptopu Osea aliipata kwa mteja wa Nakonde. Ruta iliwawezesha wote wawili kutumia modemu ile na printa ile kwa pamoja. Aliyewauzia aliiwasha, akaona inafanya kazi, akaondoka. Alibadilisha kitu kimoja tu, jina, kwa sababu Osea alimwomba. Folda alikuwa ameiruhusu ionekane kwenye mtandao Enesi mwenyewe, ili asahihishe maswali kwenye laptopu akiwa chumbani.

"Sikiliza, Mama Ikupa," Osea alisema. "Hatujui kama kuna mtu aliyeusoma. Madereva wanataka mpira na miziki. Dereva wa lori ana shida gani na sehemu na desimali? Funga folda, nyamaza. Nani atajua?"

"Makarani wana watoto. Madereva wana ndugu hapa mjini. Hatujui kama umesomwa, na hatujui kama haujasomwa. Mtihani ambao hujui kama umesomwa, huo umeshavuja."

"Watakunyang'anya kazi hiyo."

"Wanaweza."

Asubuhi ya Alhamisi, saa moja na nusu, Enesi alikuwa mlangoni kwa Anania, Mratibu Elimu wa kata. Anania alikuwa mzee mkavu, asiyependa maneno mengi. Enesi alimweleza yote kwa mpangilio: saa, karatasi, mtandao, folda. Hakuruka la aibu.

Anania alivua miwani. "Mwalimu, mtihani wa kata ulikuwa unaning'inia barabarani?"

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

"Niliuweka kwenye folda tarehe 20 Juni. Siku kumi na tatu."

"Ningeweza kumpa mtu mwingine leo hii, na barua ikaingia kwenye faili lako."

"Ungeweza. Lakini mimi naomba siku kumi na moja. Nitatunga maswali hamsini mapya. Na kabla sijaandika hata moja, nyumba yangu itakuwa imefungwa."

Anania alivaa tena miwani. "Jumatatu tarehe 15, saa nne asubuhi, mtihani uwe hapa mezani. Ukichelewa, barua naiandika. Na utanieleza umefunga vipi. Sitaki kusikia neno 'nadhani'."

Jumamosi, Faudhia alifika na mkoba wake. Faudhia alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye kibanda karibu na stendi. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Enesi.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa fundi mkubwa."

"Mwalimu, unakumbuka mwaka ule ulinikosesha swali la sehemu? Jibu nilipata. Ukasema sikuonyesha njia."

"Hukuonyesha."

"Basi leo zamu yangu. Chukua daftari. Kila hatua utaiandika. Usipoonyesha njia, nakukosesha."

Osea alicheka. Enesi alichukua daftari.

Faudhia aliiwasha ruta. Hakutumia waifai. Aliiunganisha na laptopu yake kwa waya wa mtandao, akaandika tarakimu zilizobandikwa chini ya ruta. Ukurasa ukafunguka, ukauliza jina na neno la siri. Faudhia aliandika *admin* mara mbili. Mlango ukafunguka.

"Mmeona? Ruta nyingi za aina hii hutoka kiwandani na neno hilohilo. Mtu yeyote aliyekuwa kwenye lori angeweza kuingia humu, akabadilisha kila kitu, akawafungia nje nyinyi wenyewe. Hatua ya kwanza, mwalimu. Badilisha neno la siri la ruta yenyewe."

Enesi aliandika. Kisha akaketi kwenye kiti cha Faudhia, akalibadilisha kwa mkono wake.

"Sasa mlango wa waifai," Faudhia alisema. "Hapa kuna orodha ya makufuli. Mlikuwa mmechagua hakuna. Kuna WEP. Hilo ni kufuli la zamani. Kuna WPA2. Hilo ndilo la kutumia."

Alichagua WPA2. "Sasa tunahitaji neno la siri. Liwe refu."

"Weka namba yangu ya simu," Osea alisema. "Tarakimu kumi. Sitaisahau hata nikiumwa."

"Baba, namba yako imeandikwa wapi?"

Osea alifikiri. "Dukani. Kwenye kibao."

"Na wapi tena?"

"Ukutani hapo nje."

"Kwa rangi gani?"

"Nyeupe. Kubwa. Ili madereva waione..."

"Hawataisahau na wao," Faudhia alisema. "Neno la siri lisiwe namba ya simu. Lisiwe jina la mtoto, wala mwaka wa kuzaliwa. Chukueni maneno manne au matano yasiyohusiana. Yaungane yawe kama sentensi ya kichekesho ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisema. Ni rahisi kuikumbuka, ni vigumu kuibahatisha."

Enesi na Osea walinong'onezana. Osea alicheka tena. Walichochagua hakikuandikwa kwenye daftari la hatua. Enesi alikiandika kwenye kipande cha karatasi na kukiweka kwenye sanduku la vyeti, pamoja na cheti cha ndoa.

Kisha shida ikaanza.

Laptopu ya Osea iliuona mtandao, lakini haikuweza kujiunga. Kompyuta ya mezani nayo ilikataa.

"Umeharibu," Osea alisema. "Jumatano zilikuwa zinakubali."

"Jumatano hata lori lilikuwa linakubali," Faudhia alijibu. "Kompyuta hizi ni za zamani. Windows XP iliyomo haijawahi kufanyiwa masasisho, yaani nyongeza za watengenezaji. Haijui kufuli la WPA2."

"Si ulisema kuna WEP? Kompyuta zinalijua hilo. Tuweke hilo tumalize. Kufuli si ni kufuli?"

Faudhia aligeuka akamtazama. "Baba, dukani kwako kuna kufuli la ofa, lile la bei rahisi, na kufuli la chuma kigumu. Ghala la matairi unafunga kwa lipi?"

"La chuma kigumu."

"Kwa nini?"

"La ofa, mtu anapiga jiwe moja."

"WEP ndiyo hilo. Mtu mwenye laptopu na programu ya bure analifungua kwa dakika chache. Ubaya wake ni kwamba mwenye nyumba analala akijua amefunga."

Enesi alisema, "Hatutaweka WEP. Nilimwambia Mratibu nyumba itafungwa. Niambie njia nyingine."

"Njia ziko mbili, kila kompyuta na yake," Faudhia alisema. "Hii ya mezani, kidude chake cha waifai ni cha zamani mno. Hata nikisasisha, hakitajifunza. Lakini nyuma ina tundu la waya wa mtandao. Haihami hapa mezani, na ruta iko hapahapa. Inahitaji waifai ya nini? Tuiunganishe kwa waya."

Alitoa waya wa mita mbili mkobani, akauchomeka. Taa ya kijani iliwaka. Kompyuta ya mezani ilipata mtandao papo hapo.

"Nusu saa tunabishana," Osea alisema, "kumbe ni waya!"

"Laptopu ni habari nyingine. Kidude chake kinaweza, ila Windows yake inahitaji sasisho lake kuu la tatu. Ni kubwa, bando lenu lingekwisha. Nimekuja nalo kwenye flashi. Lakini kwanza, baba, nionyeshe faili zako muhimu. Tunazinakili pembeni kabla ya kugusa kitu."

Walinakili faili za Osea. Faudhia aliibofya programu ya sasisho. "Hii itachukua saa nzima. Umeme ukikatika katikati, kompyuta inaweza isiwake tena. Betri ya laptopu inakaa muda gani?"

"Betri?" Osea alisema. "Ilikufa kabla sijainunua."

Wote watatu walitazama taa ya dari. Wiki ile umeme ulikuwa umekatika mara nne.

"Simamisha," Osea alisema. "Subirini hapo."

Alitoka. Baada ya dakika kumi na tano alirudi na toroli. Juu yake kulikuwa na betri ya lori na inveta ndogo, ile wanayotumia madereva kuchajia simu. Aliweka betri kwenye gunia nje ya dirisha, akaunga nyaya, akaingiza waya mmoja ndani. Faudhia alipima umeme wake, akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa hapa," Osea alisema, "mimi ndiye fundi."

Sasisho lilianza saa sita kasoro dakika kumi. Saa sita na dakika ishirini na tano, feni ya dari ilipunguza mwendo, ikasimama. Redio ya jirani ilinyamaza. Barabarani madereva walipiga kelele kwa pamoja, kama kawaida.

Laptopu iliendelea. Mstari wa kijani ulisogea taratibu, ukafika mwisho saa saba kamili. Laptopu ikajizima, ikajiwasha. Umeme wa mji uliporudi na ruta ikawaka, waliandika ile sentensi ya kichekesho. Laptopu ikajiunga.

"Jambo moja muandike," Faudhia alisema. "Watengenezaji wametangaza kwamba Aprili mwakani wataacha kuihudumia XP. Kuanzia hapo, tundu jipya likigunduliwa halitazibwa. Kompyuta hizi zitafaa kuchapa. Hazitafaa kwa siri. Jipangeni mapema."

Enesi aliandika: Aprili 2014.

Ilibaki folda. Enesi aliondoa ruhusa ya kushirikisha, na ile alama ya mkono uliobeba folda, inayoonyesha kwamba wengine wanaiona, ikatoweka. Aliwasha ukuta wa kinga, programu inayozuia wageni wa mtandao, kwenye kompyuta zote mbili. Mtihani mpya ungekaa kwenye flashi, na flashi ingekaa kwenye sanduku la vyeti.

"Sasa jina," Faudhia alisema. "Jina lisitaje mwenye nyumba, wala kilichomo."

Osea alijikunja. "Karibu haitaji mtu. Na tukiitoa, watu watasema tumekuwa wachoyo. Mama Kashinje mwenyewe anaitumia kumpigia mwanawe wa Lusaka."

"Baba, mgeni akija hapa anafanya nini kwanza?"

"Anabisha hodi."

"Halafu?"

"Namwangalia. Nikimjua namwambia karibu."

"Kwa hiyo hodi inatangulia, karibu inafuata. Nyinyi mlianza na karibu. Mlikuwa mnaisema barabarani, usiku na mchana, kwa watu msiowaona. Neno la siri ndiyo hodi yenyewe. Ukitaka kumsaidia Mama Kashinje, mwite ndani, mwandikie wewe kwenye simu yake. Siku ukiona neno limezagaa, unalibadilisha. Humnyimi mtu."

Osea alisogea mezani. Kisha akavuta kibodi, akafuta KARIBU, akaandika herufi nne: HODI.

"Ukificha jina kabisa je, si ni salama zaidi?" Enesi aliuliza.

"Hapana. Wanaojua kutafuta wanaliona tu. Kinachofunga ni kufuli, siyo giza. Sasa tupime. Mwalimu, hakuna jibu bila kuhakiki."

Enesi alimpigia Jairo, akaweka simu kwenye spika. Kijana alikuwa tena kwenye foleni, na lori jingine. Alikaa pale pale nyuma ya ukuta wa kijani, simu sikioni.

"Unaona nini?"

"Naona HODI, mama. Inataka paswedi."

"Jaribu."

"Nimejaribu namba ya Mzee Osea iliyo ukutani. Imekataa."

Osea alitazama chini.

"Printa?"

"Hakuna printa. Hakuna folda. Hakuna kitu."

Dereva mmoja wa Zambia, Watson, alichungulia juu ya ukuta akiwa amesimama kwenye ngazi ya lori lake, akasalimu kwa Kibemba. "Mulishani, ba mayo! Karibu imekwenda wapi? Tangu asubuhi naitafuta."

"Imehama," Osea alijibu. "Siku hizi kuna Hodi."

"Basi hodi!"

"Karibu chapati, kwa Mama Kashinje."

Enesi alifunga daftari. Hatua zilikuwa tisa. Jumatatu tarehe 8 alizisoma mbele ya Anania, moja baada ya nyingine. Anania aliuliza maswali mawili, akajibiwa. Neno "nadhani" halikutokea.

Kisha Enesi alianza kutunga. Alitunga kila siku, kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa kumi na mbili kabla ya kwenda shuleni. Hakubadilisha tarakimu za maswali ya zamani, kwa sababu mtoto aliyeona swali la zamani angejua njia yake. Alitupa yote. Siku ya kwanza alipata maswali saba. Siku ya pili manne. Tarehe 12 alipata matatu, akafuta mawili. Osea alipika ugali jioni na hakuuliza kitu.

Jumatatu tarehe 15, saa nne kasoro dakika tano, flashi ilikuwa mezani kwa Anania. Mitihani ilirudufiwa chini ya macho yake, ikafungwa kwenye bahasha, ikapigwa lakiri.

Alhamisi tarehe 18 Julai, saa moja na dakika kumi asubuhi, Enesi alifika shuleni kwake. Karibu na lango, wanafunzi kumi hivi wa darasa la saba walikuwa wamekusanyika, vichwa pamoja. Walipomwona walitawanyika. Mmoja aliangusha karatasi.

Enesi aliiokota. Ilikuwa nakala ya nakala, maandishi yamefifia. Aliisoma akiwa amesimama. Swali la kumi na saba lilisema: "Mfugaji wa Mombo ana ng'ombe 240." Enesi alikuwa amekusudia kuandika Momba. Alikosea kuchapa tarehe 20 Juni, na hakuwahi kusahihisha.

Ulikuwa mtihani wake. Ule wa kwanza. Maswali yote hamsini.

Anania alifika kwa pikipiki na bahasha. Enesi alimpa karatasi. Anania aliisoma, akageuza, akasoma tena.

"Ni ule uliokuwa kwenye folda?"

"Ndiyo."

"Nani aliuchukua?"

"Sijui. Hatutajua."

Anania aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Mwakani," alisema, "uanze kutunga mapema kidogo." Kisha akaingia darasani.

Saa mbili kamili alionyesha bahasha mbele ya wanafunzi. Lakiri ilikuwa nzima. Aliikata, mitihani ikagawiwa. Swali la kumi na saba lilihusu debe la kahawa.

Katika dawati la tatu, upande wa dirisha, mwanafunzi mmoja aliutazama ukurasa wa kwanza. Aliugeuza, akatafuta ng'ombe upande wa nyuma, akarudi mbele. Alifanya hivyo mara mbili. Kisha akashika penseli, akaanza kukokotoa.